Kahawa Haikauki kwa Wingi wa Watu

Kahawa ya robusta inapoiva kwenye vibanja vya Muleba, kazi ya kuichuma haina siri. Mti huu wako, ule wangu, na anayemaliza anasogea kwenye mti unaofuata. Familia ya watu wanne ikiweza kuchuma kibanja kwa siku sita, wakija majirani wanne kuongeza nguvu kazi itakwisha kwa siku tatu. Hakuna anayelazimika kumuuliza mwenzake neno lolote, zaidi ya habari za nyumbani.

Kisha kahawa ileile inaanikwa. Itakaa juani wiki mbili, pengine tatu mvua za Bukoba zikichokoza, mpaka ukiitikisa karibu na sikio usikie punje zikigonga ndani ya ganda. Waite majirani wanne, waite kijiji kizima. Watasaidia kuigeuza, na watasaidia kuikusanya mbio mbio wingu linapotanda, lakini siku za kukauka zitabaki zilezile. Jua halijui mmekuja wangapi.

Naanza na kahawa kwa sababu ndani yake mna kazi mbili ambazo watu wenye madaraka ya kuajiri huzichanganya kila siku: kazi inayogawanyika na kazi inayosubiri. Swali linalonisumbua ni la ofisini. Tuseme bodi ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, wilayani Muleba, imekaa kikao na kukubaliana kwamba chama kitengenezewe programu ya kompyuta ya kupokea kahawa, kutoa stakabadhi na kulipa wakulima. Fedha zimepatikana. Mjumbe mmoja anauliza: tuajiri vijana wangapi? Mwingine anajibu papo hapo: kama wanne wanamaliza kwa wiki kumi, tuajiri wanane tumalize kwa wiki tano. Kwa kibanja jibu hilo ni sahihi. Kwa programu limeharibu fedha nyingi duniani, na sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi.

Tubaki kwanza na zile kazi mbili, maana Kagera ina mifano yake ambayo haifundishwi inavyostahili.

Katuruka, karibu na Maruku, Bukoba Vijijini, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma uliofanyika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya jinsi Wahaya walivyoyeyusha chuma, baada ya wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo kujenga tanuru upya na kuliwasha. Mabomba ya udongo yaliingizwa chini ya tanuru kulizunguka, na kwenye bomba kulikuwa na mivukuto ya ngozi na mtu wa kuivukuta. Nikisoma habari za tanuru lile naona jambo moja waziwazi: idadi ya wavukutaji iliamuliwa na matundu ya tanuru. Mtu wa ziada angeweza kumpokea aliyechoka, na hilo si dogo katika kazi ya saa nyingi mbele ya moto, lakini hakuwa na tundu la kupulizia. Tanuru lenyewe ndilo lililosema linataka watu wangapi.

Mfano wa pili ni wa karibuni na una uchungu ndani yake. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ulikuwa wa virusi vya Marburg. Walihesabiwa wagonjwa 9, wakiwamo watu wa afya, na 6 kati yao walifariki. Kazi ya kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa iligawanyika vizuri: mhudumu huyu nyumba hizi, yule nyumba zile, kila siku kuuliza hali na kupima joto. Hapo kila mtu aliyeongezwa alikuwa na faida ya wazi. Lakini kila aliyefuatiliwa alipaswa kutazamwa kwa siku 21, na mlipuko haukuweza kutangazwa umekwisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya. Ukiwa na wafuatiliaji 10, siku ni 42. Ukiwa nao 1,000, siku ni 42. Mwisho wa mlipuko ulitangazwa Juni 2, 2023, na hakuna idadi ya watu ambayo ingeweza kuilazimisha tarehe hiyo isogee nyuma.

Kwa hiyo mtu mwenye mradi wowote, kabla ya kuhesabu watu, atenge mafungu haya: nini kinagawanyika, nini kinasubiri. Katika mradi wetu wa Muleba vitu vinavyosubiri si vichache. Benki au kampuni ya simu inachukua muda wake kukubali programu mpya iunganishwe na malipo yake. Mizani iliyoagizwa iko njiani. Halafu kuna jaribio la kweli, ambalo haliwezekani mpaka kahawa yenyewe ifike ghalani. Ukiajiri watu 20, siku hizo utawalipa 20 wakae kusubiri.

Sasa uandishi wa programu wenyewe uko fungu gani?

Hauko la kwanza wala la pili. Ni kazi inayogawanyika, ila vipande vyake vinashikana. Programu ni maelekezo tu, mstari kwa mstari, yanayoiambia mashine ifanye nini kila jambo litokeapo. Tuseme kijana mmoja anaandika maelekezo ya kusoma mzani. Mwingine anaandika ya stakabadhi. Wa tatu anaandika ya malipo. Mkulima anashusha gunia, mzani unasema kilo 62.5. Wa kwanza ameandika programu yake ikubali nusu kilo. Wa tatu, ambaye hajawahi kusimama kwenye ghala la AMCOS, ameandika yake ipokee namba kamili tu, basi ile .5 inakatwa kimyakimya. Tuseme bei ni shilingi 4,000 kwa kilo: mkulima amepoteza shilingi 2,000 kwa gunia hilo, na kila gunia linalofuata linaweza kumkata kidogo bila mtu yeyote kuiba. Programu zote mbili zinafanya kazi sawasawa zikijaribiwa kila moja peke yake. Kosa limekaa katikati, mahali ambapo watu wawili walipaswa kuzungumza na hawakuzungumza.

Wachumaji wawili wa kahawa hawana katikati ya namna hiyo. Ukichuma vibaya mti wako, wangu haudhuriki. Katika programu, uamuzi wa kila mmoja unaingia kwenye kazi ya mwingine, kwa hiyo mazungumzo ni sehemu ya kazi yenyewe kama kuandika kulivyo. Na mazungumzo yanakula saa.

Yanakula saa ngapi? Tuhesabu kwa salamu. Wakikutana watu wawili, salamu ni moja. Wakiwa watatu na kila mmoja akasalimiana na kila mmoja, salamu ni tatu. Wanne, ni sita. Njia ya kupata hesabu hii ni rahisi: kila mtu anasalimiana na wote isipokuwa nafsi yake, kwa hiyo watu wanne mara watatu ni 12, kisha tunagawanya kwa mbili kwa sababu salamu yangu kwako na yako kwangu ni ileile. Kwa njia hiyo watu 5 wana jozi 10, watu 7 wana jozi 21, na watu 10 wana jozi 45. Watu wameongezeka kutoka 5 hadi 10, yaani mara mbili, lakini jozi zimeongezeka mara nne na nusu. Msingi wote wa somo hili uko hapo. Mikono inaongezeka kwa kujumlisha, na mazungumzo yanaongezeka kwa kuzidisha.

Tuzitie saa. Kila mtu ana saa 40 za kazi kwa wiki. Tuchukulie kwamba, ili kazi zao zisigongane, kila mtu anahitaji saa 3 kwa wiki na kila mwenzake: kuelezana, kusomeana kazi, kusahihishana. Mtu akiwa peke yake anabaki na saa zake zote 40. Wakiwa wawili, kila mmoja anabaki na 37, jumla 74. Wakiwa watatu, kila mmoja anabaki na 34, jumla 102. Wanne wanatoa 124. Watano 140. Sita 150. Saba 154.

Wanane? Kila mmoja ana wenzake saba, saa 21 zimekwenda, amebaki na 19. Mara nane ni 152. Tumeongeza mtu na kazi imepungua. Endelea hadi watu 10 na jumla inashuka kuwa 130, karibu sawa na watu wanne, kwa mishahara kumi. Fika watu 14 na timu nzima itatoa saa 14 za kazi kwa wiki. Wote watakuwa wamechoka kweli, maana wamekuwa kwenye vikao tangu Jumatatu asubuhi, na mwenyekiti atakayepita ofisini ataona watu wanahangaika na atadhani kazi inakwenda.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba kilele ni watu saba, na atataka kuandika saba kwenye mkataba. Asifanye haraka. Tazama kila mtu aliyeongezwa alileta nini. Wa pili alileta saa 34. Wa tatu 28. Wa nne 22. Wa tano 16. Wa sita 10. Wa saba alileta saa 4, na chama kinamlipa 40. Fedha hizo ni makato ya wakulima. Mimi ningeweka mpaka pale ambapo mtu mpya bado anarudisha zaidi ya nusu ya saa anazolipwa, nao katika hesabu hii ni mtu wa nne. Kama muda unabana kweli, wa tano anaweza kutetewa. Wa saba hatetewi na chochote isipokuwa hofu.

Kuna anayeweza kusema kwamba hizi ni namba zangu za mezani, na ni kweli, saa 3 nimezichagua mimi. Lakini upungufu wenyewe umepimwa tangu zamani, hata kwa kazi ambayo ungedhani haina mazungumzo kabisa. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo Mfaransa, aliwapa watu kamba waivute na kupima nguvu yao, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1913. Wawili pamoja walivuta asilimia 93 ya jumla ya nguvu ambayo wangetoa kila mtu peke yake. Wanne, asilimia 77. Wanane, asilimia 49. Kamba ni moja, upande ni mmoja, hakuna la kuelezana ila “haya, vuta!”, na bado nusu ya nguvu ilipotea. Wavuvi wa Kemondo wanaovuta mtumbwi kwenda nchi kavu wanajua kwa nini kuna mtu wa kuimbisha: vuta yangu na yako zisipokutana sekunde ileile, zinapotea.

Kwa programu, aliyeisema hoja hii kwa sauti kubwa ni Frederick Brooks wa Marekani. Katika miaka ya 1960 alisimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo mkubwa wa kuendeshea kompyuta za IBM. Watu waliongezwa, na kazi ikazidi kuchelewa. Mwaka 1975 alitoa kitabu, The Mythical Man-Month, kikiushambulia ule utaratibu wa kupima kazi kwa “mtu-mwezi” kana kwamba mtu na mwezi vinabadilishana kama noti na sarafu. Hoja yake iliyoenea zaidi ni kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Wengi wanaikariri bila kuona inatoka wapi, kwa hiyo tuifanyie hesabu hapa Muleba, polepole, maana hapa ndipo bodi nyingi hukosea.

Timu yetu ni ya watu wanne, saa 124 kwa wiki, na kazi ni ya wiki 10. Msimu wa kahawa ukifunguliwa, programu iwe tayari. Mwisho wa wiki ya 7 mwenyekiti anaomba taarifa na anaambiwa kwamba wiki moja ilipotea, pengine kwa umeme, pengine kwa kumsubiri karani aliyefiwa. Zimefanyika kazi za wiki 6 tu. Zimebaki za wiki 4, ambazo ni saa 496, na kalenda ina wiki 3. Wakiachwa hivyohivyo watamaliza mwisho wa wiki ya 11, wiki moja baada ya siku waliyoahidi.

Bodi inaongeza watu watatu. Kwenye karatasi timu ya saba inatoa saa 154. Lakini wageni hawa hawajui kitu: hawajui kwa nini kilo zimeandikwa namna ile, hawajui makato ya chama, hawajui stakabadhi iliyofutwa inafanywaje. Tuwape wiki mbili za kujifunza, jambo ambalo ni la ukarimu sana kwao. Katika wiki hizo hawazalishi kitu, na kila mmoja anahitaji saa 8 kwa wiki za mwenyeji wa kumfundisha. Watatu mara nane ni 24. Kwa hiyo wale wanne wa zamani wanashuka kutoka saa 124 hadi 100. Baada ya wiki mbili wamefanya 200, zimebaki 296. Wiki ya tatu wote saba wanatoa 154, zimebaki 142. Wiki ya nne inakwenda karibu yote.

Wamemaliza lini? Mwisho wa wiki ya 11. Wameokoa kama nusu siku. Mishahara mitatu ya karibu wiki nne imenunua nusu siku, na hapo sijahesabu makosa ambayo mgeni lazima ayafanye. Kosa moja tu kama lile la nusu kilo, likichukua siku moja kulitafuta na kulirekebisha, limekula akiba yote na kuisogeza tarehe mbele. Ndiyo maana ya maneno ya Brooks.

Sasa turudishe saa nyuma, kwa sababu hapa pana jambo ambalo watu wanaomkariri Brooks hawalisemi mara kwa mara. Tuseme wiki ileile ilipotea mapema, na mwenyekiti aliuliza mwisho wa wiki ya 2. Imefanyika kazi ya wiki moja, zimebaki saa 1,116. Wanne wakiachwa peke yao, bado watamaliza wiki ya 11. Bodi inaongeza watu watatu walewale, kwa gharama ileile ya kuwafundisha. Wiki mbili za 100, zimebaki 916. Kuanzia hapo 154 kila wiki: wiki sita kasoro kidogo. Wamemaliza ndani ya wiki ya 10, kahawa ya kwanza inakuta mzani uko tayari. Watu ni walewale, kazi ni ileile, na idadi ni ileile. Kilichobadilika ni siku ambayo swali liliulizwa. Mgeni anagharimu mwanzoni na analipa baadaye, kama mche wa mgomba uliouhamishia kibanjani. Ukimwingiza wakati hakuna baadaye iliyobaki, umenunua gharama tupu.

Narudia jambo hili kwa sababu kuchelewa kwa programu hii si aibu ya ofisini tu. Kagera watu wanaijua butura, ile biashara ya kumuuzia mtu kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anadaiwa ada na malipo ya chama hayajulikani yatakuja lini. Mfumo wa malipo unaofanya kazi tangu siku ya kwanza ya msimu unampa mkulima sababu ya kungoja. Ukikosa ufunguzi wa msimu, nafasi nzuri ya kuanza upya ni mwaka unaofuata.

Basi tufanye nini ili timu ikue bila kulemewa na mazungumzo? Turudi kwenye ile namba 3, zile saa za kila mtu na kila mwenzake. Hiyo haikuandikwa mbinguni. Inategemea kazi ilikatwaje.

Mkungu wa ndizi hukatwa kwenye vichane. Hakuna anayekata katikati ya ndizi, ingawa kisu kinapita huko pia. Programu nayo ina vichane vyake: mahali ambapo upande huu unahitaji kujua machache sana kuhusu upande ule. Kati ya mzani na malipo, linalohitajika kuvuka ni dogo: namba ya mkulima, uzito, tarehe. Likiandikwa kwenye karatasi moja kabla mtu hajaanza kazi, kwamba uzito utaandikwa daima kwa gramu, namba kamili, 62,500 wala si 62.5, wale vijana wawili hawana haja ya kukaa saa 3 kila wiki wakikumbushana. Tuseme makubaliano ya namna hiyo yameshusha saa 3 zikawa 1. Watu saba walewale sasa kila mmoja anapoteza 6 tu, anabaki na 34, jumla 238 badala ya 154. Karatasi imeleta saa 84 kwa wiki, zaidi ya muda wa watu wawili, na haikuomba mshahara.

Mmarekani Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo unaobuniwa na taasisi hufuata sura ya mawasiliano ya taasisi hiyo. Ukiwa na vikundi vitatu visivyozungumza, utapata programu yenye vipande vitatu visivyoelewana. Kwa hiyo kuamua idadi ya watu na kuamua vichane vya programu ni uamuzi mmoja. Bodi inayoajiri kwanza na kukata kazi baadaye imekwisha kuukata mkungu, na imeukatia gizani.

Ipo pia njia ya kuanzia kwenye ukubwa wa kazi. Barry Boehm, mwaka 1981, alichambua miradi 63 ya programu na kutoa kanuni ya kukadiria. Kwa mradi mdogo wa mistari 10,000, unaofanywa na timu inayoijua kazi yake, kanuni ile ya msingi inatoa takriban miezi-mtu 27 na kalenda ya miezi 8.7 hivi. Gawanya: watu watatu. Ninachokipenda ni mpangilio wake. Unaanza na ukubwa wa kazi, kazi inakupa muda wake wa kawaida, na idadi ya watu inatoka mwishoni kama jibu. Mjumbe wetu wa bodi alianza na tarehe anayoitaka akarudi nyuma kutafuta watu. Kwa kugawanya alivyogawanya yeye, watu 27 wangemaliza kwa mwezi mmoja, na umeshaona watu 14 wanafanyaje.

Nikiulizwa na bodi ile, ningesema wasiajiri wanne siku ya kwanza. Waanze na wawili, na kwa wiki mbili wasiandike sana. Wakae ghalani siku ya kupima, ikiwezekana Kamachumu na kwingineko ambako mtandao wa simu unakuja na kuondoka, wamwone karani akifanya kazi kwa daftari. Karani huyo mwenyewe ahesabiwe kama mtu wa timu, alipwe kwa muda wake, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua inakuwaje mkulima akifa katikati ya msimu na ndugu watatu wakaja na stakabadhi. Kutoka hapo wachore vichane, waandike karatasi ya makubaliano, na mwisho wa wiki ya pili ndipo waiambie bodi wanahitaji wangapi zaidi. Wiki hiyo, tuliona, mtu mpya bado analipa. Na kila Ijumaa kila mmoja aandike saa alizotumia kuelewana na wenzake, ili ile namba ya kwangu ya mezani iondoke na ije ya kwao.

Limebaki swali ambalo ni nadra kuliona kwenye mkataba: programu ikishaanza kutumika, abaki nani? Wengi hujibu mtu mmoja, kwa sababu kazi imepungua, na kwa hesabu ya saa wako sahihi kabisa. Peke yake hana jozi, hana kikao, saa zake 40 ni zake. Lakini mtu mmoja huugua malaria. Hupata kazi Dodoma. Boda boda humwangusha kwenye utelezi wa Rwamishenye wiki ambayo wakulima wanasubiri malipo, na maelekezo yote ya mashine yamelala naye hospitalini. Kwa hiyo ningeomba wabaki wawili, wasiwe na kazi ya wawili, na Ijumaa mchana mmoja amsomee mwenzake kila mstari alioubadilisha wiki hiyo, hata kama ni mmoja tu.